Faini ilikuwa shilingi 100 tu: hizi chaji za "tabia" za 1930 zitolewe kabisa kwa kitabu

saiba_ya_jogoo_road (mwenye uzi)

Wadau habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie. Mimi nina saiba ndogo (duka la kompyuta na intaneti) hapa Jogoo Road, Nairobi, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kujazia watu fomu za eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, na kati ya zote ile inaniumiza roho ni ya cheti cha tabia njema, ile watu wanaita gudi kondakti. Mtu anakuja na 1,050 yake, tunajaza, naprinti ile C24, fomu ya alama za vidole, mbele na nyuma kwa karatasi moja, anaenda kuchukuliwa alama za vidole, baada ya muda anarudi tucheki. Wengi wanapata bila shida. Lakini kuna wale wakifungua wanaona wana rekodi na wanaanza kuniuliza mimi, "sasa hii ni ya nini, si nililipa nikaenda nyumbani?"

Mwaka jana mmoja wao alikuwa dadangu mdogo.

2019 alikuwa anafanya kazi ya kuhudumia meza kwa hoteli moja mjini, zamu ya jioni. Siku hiyo walifunga wakiwa wamechelewa, saa saba usiku yuko steji anangoja gari ya mwisho, sketi ya kazini bado ako nayo, koti juu. Gari ya polisi ikasimama, wakaambiwa wote wasichana waliokuwa hapo waingie. Alionyesha beji ya kazi, hakuna aliyeiangalia. Ilikuwa Ijumaa usiku, na ukishikwa Ijumaa mnajua mambo, Katiba inasema saa 24 lakini kama zinaishia siku korti imefungwa unangoja hadi siku ya kazi inayofuata, kwa hivyo alikaa seli hadi Jumatatu. Asubuhi kwa ile korido wanawake wazoefu wakamwambia kubali tu, ukikana utapewa tarehe nyingine na dhamana na utafutiwa mashahidi, ukikubali unalipa unaenda. Akakubali. Chaji ilikuwa ya kitendo kisicho cha adabu mahali pa umma, kifungu cha 182. Faini shilingi 100. Mimi ndiye nililipa, risiti ninayo hadi leo.

Sasa amepata nafasi ya kazi Ghuba, mkataba umeandikwa, ajenti anataka cheti, cheti kinatoka na doa. Ajenti akaita mwingine. Hivyo tu.

Baada ya hapo nikaanza kusoma. Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 63, ilianza kufanya kazi tarehe 1 Agosti 1930. Kabla ya hapo mkoloni alikuwa anatumia ile ya India ya 1860. Hiki kifungu cha 182 kilivyoandikwa kinahusu watu "wavivu na wasio na utaratibu", na hayo maneno hata hayakutungwa Nairobi, yametoka kwa sheria ya wazururaji ya Uingereza ya 1824, wakati wanajeshi walirudi kutoka vita vya Napoleon hawana kazi, barabara zikajaa maskini, wenye mashamba wakataka waondolewe wasionekane. Kitu cha wakulima na wanajeshi wa Uingereza wa miaka 200 iliyopita ndicho kimemshika msichana wa hoteli kwa steji yetu.

Na angalieni kilivyopangwa. Kipande cha kwanza kinaanza na "kila kahaba wa kawaida" anayefanya hivi na hivi mahali pa umma. Soma tena polepole. Kosa linaanza na jina lako kabla ya kitendo chako. Mwizi hatumwiti mwizi kwa sheria kabla hajaiba, tunasema "mtu yeyote atakayeiba". Huyu mama ameshahukumiwa kwa neno la kwanza, halafu ndio kesi inaanza. Kipande kingine ni kitendo kisicho cha adabu bila sababu halali. Adabu ya nani? Haijaelezwa popote kwa hicho kifungu. Adhabu, mara ya kwanza mwezi mmoja au faini isiyozidi shilingi 100 au vyote viwili, na ukirudia ni mwaka mmoja jela.

Watu wananiambia ni shilingi 100 tu, sheria imezeeka, iacheni ijifie. Mimi nakataa. Hii sheria haijafa na haiwezi kufa yenyewe kwa sababu inafaa mtu. Maneno yake ni mapana hadi afisa anaweza kuyavalisha mtu yeyote aliye mahali popote saa yoyote, na anayevalishwa karibu kila mara ni yule hana gari, anayengoja steji. Na ule udogo wa faini ndio mtego wenyewe. Ingekuwa miaka 5, dadangu angetafuta wakili, angekana, hakimu angeuliza ushahidi uko wapi. Kwa 100 nani atapigana? Kila mtu anakubali, na kila anayekubali anaandikwa.

Ninachotaka tujadili, hivi vifungu vitolewe kwa kitabu, visibaki vimeandikwa huku tunaambiwa havitumiki sana. Na rekodi za waliokubali zisafishwe. Karibuni.

---

nduthi_ya_kayole

Bro pole kwa dadako. Hiyo ya Ijumaa naijua sana. Mimi nilishikwa nikiwa nimeegesha nduthi nje ya klabu nikingoja kasitoma, nikaambiwa chaji itakuwa ya kuvuruga amani, nikauliza amani ya nani imevurugika nikaambiwa utaiambia korti Jumatatu. Sasa hesabu, Ijumaa usiku hadi Jumatatu ni siku 3 za kazi na ndizo siku zangu nzuri za wiki, mwenye pikipiki anataka pesa yake hata kama uko seli. Sikufika kortini, nilitoka Jumamosi kwa njia nyinyi mnaijua. Hiyo ndio faini ya kweli na haina risiti. Kwa hivyo ukisema hiyo sheria inafaa mtu, mimi nakuunga mkono kabisa.

---

baba_pipeline

Mimi nitasema kinyume na naomba nisitukanwe. Nina watoto wanne, wasichana watatu. Naishi mahali plot moja ina watu mia na kitu, chini kuna baa. Usiku nikirudi nakuta mambo kwa ngazi ambayo siwezi kuyataja hapa. Nikipiga simu polisi, wanakuja na nini? Na hizo hizo sheria mnataka zitolewe. Mnasema maneno ni mapana, sawa, lakini tabia mbaya nayo ni pana, haiji na sura moja. Mkiziondoa leo na hamjaweka kitu, kesho mimi nitamwambia nini mtoto wangu wa miaka 9 akiuliza? Nairobi si kijijini ambapo wazee wanaweza kumwita mtu wakamkanya. Hapa hatujuani. Sheria ndio mzee wetu.

---

mama_wa_eastleigh

Baba watoto wa Pipeline, nimekusikia, na mimi ni mama kama wewe ni baba. Mimi ni Muislamu, zinaa kwangu ni haramu na sitabadilisha hilo kwa sababu ya uzi wa mtandaoni. Lakini dhambi nina mahali pa kuipeleka, nina Mungu, nina sheikh, nina familia. Seli ya Ijumaa haijawahi kumrudisha mtu kwa dini. Mimi nimeona wasichana wa mtaani kwetu wakizolewa kwa sababu wamekaa nje ya mlango wa duka usiku na hawana kitambulisho mkononi. Wanatoka wamezoeana na watu ambao hawangewahi kukutana nao. Ukitaka kujua mtoto wa mtu amepotelea wapi, uliza kwanza alilala wapi zile siku tatu.

Na kuhusu ngazi yako, hiyo ni nyumba. Kelele, fujo, mtu kuvua nguo mbele ya watoto, hayo yana njia yake. Usichanganye na msichana anayengoja gari.

---

saiba_ya_jogoo_road

@baba_pipeline hakuna atakayekutukana, swali lako ni la haki na nilijiuliza pia. Nikatafuta: tukiondoa hivi vya zamani, mtoto wako anabaki na nini? Anabaki na vingi kuliko nilivyodhani. Tangu 2006 tuna Sheria ya Makosa ya Kijinsia, ile iliyopelekwa Bunge na Njoki Ndung'u, na ndiyo ilichukua sehemu kubwa ya ile sura ya zamani ya "makosa dhidi ya maadili". Mtu akifanya kitendo kichafu na mtoto, iko. Akimuuza mtoto kwa ukahaba, iko, miaka isiyopungua 10. Anayemtumikisha mtu mzima kwa ukahaba ili ale jasho lake, iko. Halafu 2010 ikaja sheria ya kupambana na biashara ya kusafirisha binadamu, kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua milioni 30.

Sasa linganisha. Hizo mpya zinamwangalia aliyeumizwa na zinamtafuta aliyemuumiza. Ya 1930 haina aliyeumizwa. Soma chaji ya dadangu mwanzo mpaka mwisho, hakuna mlalamishi, hakuna jina la mtu aliyesema "huyu amenikosea". Mlalamishi ni Jamhuri. Ukipiga simu kwa sababu ya watoto wako, wewe ni mlalamishi wa kweli, una kitu umeona, na afisa anaweza kuandika kitu kinachoeleweka. Wewe hauhitaji neno "mvivu".

---

karani_mstaafu

Vijana, hamjambo. Mimi nilikuwa karani wa korti za mahakimu kwa miaka mingi, nimestaafu. Nitasema machache kuhusu kukubali makosa kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupotea.

Kuna kesi inaitwa Adan dhidi ya Jamhuri, ya 1973, ya Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Ndiyo iliweka utaratibu hadi leo. Mashtaka yasomwe kwa lugha mshtakiwa anaielewa, aelezwe kila kiungo cha kosa, jibu lake liandikwe kama alivyolisema mwenyewe, halafu upande wa mashtaka useme mambo yaliyotokea, mshtakiwa aulizwe kama ni kweli. Akisema "ni kweli lakini nilikuwa nangoja gari", hapo hakimu anatakiwa aandike amekana. Huo ndio utaratibu. Asubuhi ya Jumatatu, benchi lina watu 40 wa msako, mambo yanasomwa kwa haraka, wote wanaitikia "ni kweli" kama wako kanisani. Nimeyaona kwa macho yangu na sijivunii.

Pili, mtu akishakubali, kifungu cha 348 cha sheria ya utaratibu wa kesi za jinai kinamfungia rufaa. Anaweza kulalamikia adhabu tu, kwamba ni kubwa au si halali, hawezi kulalamikia kupatikana na hatia. Na rufaa yenyewe ni siku 14. Shilingi 100 utalalamika ni kubwa? Kwa hivyo huyo binti amefungiwa mlango wa mbele. Lakini kuna mlango wa pembeni, kifungu cha 362 mpaka 364, Mahakama Kuu inaweza kuitisha faili ya hakimu na kuikagua kama utaratibu ulifuatwa. Barua tu inaweza kuanzisha. Mwambie dadako atafute namba ya kesi.

Tatu, na hili wakubwa wangu walikuwa hawapendi nilitaje. Katiba, 49(2), inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi 6. Kosa la mara ya kwanza la 182 ni mwezi mmoja. Kwa hivyo hao wanawake wa koridoni waliokuwa wakimwogopesha na tarehe nyingine na dhamana, hofu yao ilikuwa ya kweli kwa desturi lakini si kwa sheria. Angekana, alitakiwa kuambiwa aende nyumbani arudi siku ya kesi.

---

saiba_ya_jogoo_road

Mzee, nimesoma hiyo ya 49(2) mara nne. Imeniuma. Yaani mlango ulikuwa wazi na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua, na mimi nilikuwa nimekaa pale nyuma na pesa mfukoni.

---

nesi_wa_zamu

Niongeze moja ambayo si ya ukahaba lakini ni ndugu wa damu na hizi. Kujaribu kujiua. Kifungu cha 226. Nimefanya kazi kwa wodi na nimeona mgonjwa amefungwa pingu kwa kitanda, drip mkono huu, pingu mkono huu, na polisi ameketi kwa kiti cha wageni. Mama yake akaogopa kumkaribia. Familia nyingine baada ya kuona hivyo wakawa wanaleta mgonjwa wanasema alikunywa kwa bahati mbaya, na sisi tunamtibu nusu tukijua tunadanganywa, kwa sababu ukisema ukweli unafungua kesi. Uingereza wenyewe walioleta hiyo sheria waliifuta kwao 1961. Sisi tukaendelea nayo.

Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu akasema inaenda kinyume na Katiba, kesi iliyopelekwa na tume ya kitaifa ya haki za binadamu na chama cha madaktari wa akili. Siku hiyo nililia kwa chumba cha kubadilishia nguo. Lakini naungana na mwenye uzi, uamuzi wa korti ni jambo moja na kitabu ni jambo lingine. Afisa wa kituo cha mbali hasomi hukumu za korti ya Milimani, Nairobi. Anasoma kitabu alichopewa chuoni.

Kama kuna mtu anasoma hapa na usiku umekuwa mrefu, nenda hospitali yoyote, sema ukweli. Sisi tunakungoja kama mgonjwa.

---

mwanasheria_mchanga

Nimefurahi huu uzi. Nisaidie na mifano ya majirani kwa sababu watu hufikiri haya ni mambo ya wazungu.

Malawi, Januari 2017. Mayeso Gwanda, muuza mifuko ya plastiki, alishikwa alfajiri akienda kazini, akashtakiwa kwa ile ya kuwa mzururaji, lugha ile ile ya 1824. Mahakama Kuu ikakifuta kifungu. Muuza mifuko ndiye aliibadilishia nchi sheria.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikatoa maoni yaliyoombwa na muungano wa mawakili wa Afrika. Ikasema sheria za uzururaji zinagongana na Mkataba wa Afrika, na ule wa haki za mtoto, na ule wa Maputo wa haki za wanawake, na nchi zina wajibu wa kuzirekebisha au kuziondoa. Ni Arusha hapo, mtu anaenda na basi.

Uganda walikuwa na kosa la uzinzi kwa kitabu chao. Mke akitoka nje na mwanamume yeyote ni kosa, lakini mume ilikuwa kosa tu kama yule mwanamke ni mke wa mtu. 2007 mahakama yao ya katiba ikaifuta.

Na hapa kwetu tumeshafanya. Bunge liliifuta Sheria ya Uzururaji 1997, wakati wa yale marekebisho ya IPPG, kundi la wabunge wa vyama mbalimbali. Kashfa ya jinai, yaani kushtakiwa kwa kumharibia mtu jina, kifungu cha 194, ilianguka Februari 2017. Kwa hivyo anayesema haiwezekani hajaangalia nyuma.

---

baba_pipeline

Nimesoma yote. Sijakubali yote. Lakini hiyo ya dadako sikuwa nimeielewa vizuri mwanzoni, nilidhani tunaongea mambo ya Koinange, ile barabara ya makahaba mjini. Swali langu moja, hii si ni njia ya kupitisha pia ile ya 162, ya mapenzi ya jinsia moja? Kwa sababu hapo mimi na kanisa langu hatutakaa kimya.

---

mwanasheria_mchanga

Mzee, 162 ina kesi yake. Mahakama Kuu iliikataa ile petisheni ya kutaka ifutwe tarehe 24 Mei 2019. Mimi maoni yangu ni kwamba ifutwe pia, sitakuficha. Watu wazima kwa nyumba yao hawana mlalamishi, na hiyo ndiyo hoja ya huu uzi wote. Lakini haihitaji wewe ukubaliane nami huko ndio ukubali kwamba msichana wa steji asiandikwe "kahaba wa kawaida".

---

mama_wa_eastleigh

Na mimi siko na mwanasheria kwa hiyo ya 162, lakini kwa hii tuko pamoja. Ziandikwe barua mbili tofauti, kila mtu atie sahihi anayoiamini. Tukizifunga pamoja zote zitaanguka na wasichana watarudi kuzolewa.

---

saiba_ya_jogoo_road

Sawa mama, nimekubali, barua itakuwa ya 182 peke yake, pamoja na zile sheria ndogo za jiji la Nairobi za 2007 zinazosema kuzurura kwa nia ya ukahaba, kwa sababu tukitoa ya kitaifa tukiacha ya kanjo, askari wa jiji, hatujafanya kitu, atashikwa pale pale na mtu wa koti lingine. Nia anaionaje mtu kwa macho, hapo bado sijaelewa.

Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria. Kila mtu, hata mwenye saiba. Nimeanza kuiandika. Mambo mawili tu. La kwanza kifungu kitoke kitabuni kwa mswada. La pili, na hili nitalishikilia hata wengine wakiliacha, mswada useme wazi kwamba aliyepatikana na hatia chini yake rekodi yake inafutwa bila yeye kuomba na bila kulipa. Kwa sababu ukifuta sheria ya kesho na ukamwachia mtu doa la jana, umewasaidia ambao hawajashikwa bado. Dadangu na wale wote ninaowajazia C24 watabaki na adhabu ya kosa ambalo nchi yenyewe imesema si kosa.

Mzee karani, risiti ina namba ya kesi, nimeitoa leo kwa lile bahasha. Nimempigia dadangu, mwanzoni hakutaka, alisema amechoka na hayo mambo, baadaye akauliza kama kweli itaandikwa pale kwa faili maneno aliyosema siku hiyo. Kwa sababu anasema alisema. Alisema "ni kweli nilikuwa hapo, nilikuwa natoka kazini." Alhamisi asubuhi tunaenda masjala kuomba nakala ya faili, saiba itafunguliwa saa sita.

---

karani_mstaafu

Kama hayo maneno yameandikwa, hapo hajakubali kosa. Muombe nakala iliyothibitishwa kwa muhuri, isiwe fotokopi tu. Na mfike kabla ya saa mbili, foleni ya masjala huwa ndefu. Mkikwama mniandikie hapa, nitakuja.